Swali la Nne

Jumatatu, 3 Mei 2021

Tumeanza. Watu watatu, na kila mmoja ana kipande chake: daktari Achille anatazama meno, Profesa Wenceslas anapima maji, mimi naandika wanachosema watu. Achille anadai kazi yangu ndiyo nyepesi kwa sababu maneno hayana harufu. Nimemwambia asubiri kwanza.

Tunataka kujua kwa nini watu wengi wa Goma wana madoa ya kahawia kwenye meno ya mbele. Dhana yetu: mvua hupita katika moshi wa volkano, huteremka kwenye mabati, hujaa kwenye sitèrne, matangi ya nyumbani, na mtoto huinywa. Achille anaeleza kwamba meno ya mbele ya mtu mzima hujengwa ndani ya ufizi kabla mtoto hajaanza shule. Maji ya miaka ile hubaki humo maisha yote. Kwa hiyo fishi yangu, karatasi ya kila mtu, ina maswali machache, na la nne ndilo linalobeba mengine: Ulizaliwa wapi?

Kwa majaribio, Achille alinikalisha mimi wa kwanza. Akaingiza kioo chake kidogo, akapiga mluzi. "Madame, weye unavuta sigara ngapi kwa siku?" Sijavuta hata moja. Madoa ninayo tangu shule ya msingi, na nimezoea kucheka mdomo ukiwa umefungwa. Ameandika: fishi nambari moja, madoa ya wastani. Nikajaza swali la nne: Butembo. Huko ni mbali sana na moshi. Pengine ni dawa nilizopewa utotoni. Tukaenda kula.

Jumanne, 18 Mei

Fishi sitini, nimezitandaza kitandani. Arobaini na tisa zinaikubali dhana. Kumi na moja zinaikataa, pamoja na ile yangu.

Muzee Twagirimana wa mtaa wa Mugunga, kwa mfano. Kwa maelezo yake amezaliwa Goma na kukulia Goma, ana miaka sitini na saba, na meno yake ni meupe kabisa. Achille alipomsifu, akajibu: "Ni yangu yote, docta. Hata ile mbili haziko tena, zilikuwaka nyeupe."

Profesa anasema kumi na moja ni wachache. Niwatoe, niitetee mémoire yangu ya chuo Juni, tuendelee na kazi nyingine. Ana uzoefu wa miaka thelathini. Mimi nina wa wiki mbili. Lakini karibu mtu mmoja kati ya sita — je, hilo ni kosa dogo la kufagia? Nikiwatoa, nitakuwa nimeandika nilichotaka kukiona. Nikiwaacha, sina la kuwaambia jury ya watahini. Nimezirudisha fishi kwenye mfuko bila kuamua.

Jumapili, 23 Mei

Volkano ililipuka jana jioni. Tuko hai, Mama na mimi, na nyumba ipo. Uji wa moto ulisimama kabla ya kufika mtaani kwetu.

Mama alibeba cherehani yake kichwani. Mimi nilibeba fishi sitini katika mfuko wa mchele. Tulipofika kwenye rond-point, mzunguko wa barabara, akanitazama miguu, akaangua kicheko katikati ya kundi zima la watu waliobeba magodoro. Nilikuwa nimevaa sandali mbili, zote za mguu wa kushoto. "Njo matokeo ya kusoma sana," akawaambia majirani. Wakacheka. Nikacheka nao, na mdomo wazi.

Alhamisi, 27 Mei. Sake

Tumeamriwa kuondoka, ardhi haijatulia. Goma nzima ilikuwa kwenye barabara ya Sake, kwa miguu.

Kabla ya kufika palikuwa na barrière, kizuizi cha barabarani. Askari, kijana mwenye adabu, alikuwa akimuuliza kila mtu: "Mama, ulizaliwa wapi?" Mama yangu alijibu "Butembo" kabla neno la mwisho halijatoka kinywani mwa askari. Mgongo umenyooka, sauti si yake. Hatua kumi mbele akarudia utani wa sandali.

Nilimuuliza kwa nini alijibu haraka hivyo. "Ile swali unaijibu mbio," akasema. "Ukifikiri, nao banaanza kufikiri." Akaeleza, bila uchungu, kama mtu anayeeleza namna ya kupika sombe, kwamba kila uasi aliouona ulikuwa na barrière zake, na kila barrière ilikuwa na swali hilo hilo. Jibu zuri ndilo lilibadilika.

Nilihamishia mfuko wa fishi bega la pili. Mimi pia nina gilet, kizibao cha kazi chenye mifuko. Nina kalamu, nina karatasi yenye nambari. Na swali langu la nne, neno kwa neno, ni lile lile.

Jumatatu, 31 Mei. Sake

Tunalala katika darasa la shule, familia tisa. Achille yuko darasa la jirani na kioo chake mfukoni. Na uani, ameketi juu ya bidon tupu la maji, nani? Muzee Twagirimana.

Nilivua gilet. Nilikaa chini. Nikauliza: "Muzee, ukiwa mutoto, nani alikuwa anakutuma mayi?"

Alicheka hadi akakohoa. "Mama yangu! Alikuwa anatema mate chini, anasema, yakikauka mbele hujarudi, utaona."

"Na ulikuwa unachota wapi?"

"Kule juu, Masisi. Kwenye kijito. Ng'ombe zinakunywa chini, batu banachota juu."

"Goma ulifika lini?"

"Nikiwa tayari na ndevu."

Nikamkumbusha kwamba aliniambia amezaliwa Goma. Hakuona haya hata kidogo. "Mama Émérance, weye uliniuliza sawa ule askari wa barrière. Nami nikakujibu sawa barrière."

Achille alilazimika kugeuka ukutani ili acheke. Ndani ya nusu saa uani paligeuka mashindano: mama wa nani alikuwa mkali zaidi, bidon ya nani ilikuwa nzito zaidi, nani alivunja kibuyu akasingizia mbuzi. Niliandika kurasa saba. Sijawahi kufanya utafiti wenye kelele na furaha namna hii, na watu hawa hawana godoro.

Jumanne, 8 Juni. Goma

Tumerudi. Nimewapata wale kumi, bila mimi, mmoja Sake, wengine hapa mjini. Wote kumi walichota maji pengine, si pale walipotaja awali. Profesa naye amemaliza chupa zake: madini ya moshi ni mengi katika za sitèrne, machache katika za chemchemi. Amenipa mkono. Nimemkumbusha kwamba chupa ni ishirini tu, na kwamba pengine swali langu jipya linawafurahisha watu kiasi cha kuwafanya watunge. "Émérance," akasema, "siku moja ukubali kufurahi."

Nimekata majina kwenye fishi zote kwa mkasi. Kinywa kinaweza kuficha ulikokulia, meno hayawezi. Sitaki jedwali langu lisomwe kwenye barrière yoyote.

Imebaki moja isiyokubali. Profesa anasema moja haihesabiki. Achille aligonga jino lake la mbele kwa kalamu, mara mbili, akanitazama.

Jumamosi, 12 Juni

Saa nane mchana. Mama anasafisha samaki wa sambaza jikoni, mimi nimekaa kizingitini na daftari hili.

Nimemuuliza kwanza kwa njia ya zamani. "Mama, nilizaliwa wapi?"

"Butembo." Mbio, mgongo umenyooka. Kwangu mimi, jikoni kwake.

Siku zote amenieleza kwamba huko tulichota kwenye chemchemi chini ya parokia, na kwamba Goma tulifika mara ya kwanza nikiwa na miaka tisa. Nimengoja kidogo. Kisha: "Na nikiwa kadogo, nani alikuwa anaenda kuchota mayi?"

Kicheko kilimtoka kabla hajakizuia. "Kuchota? Shiye hatukuwa tunachota. Papa yako alikuwa anafungula robinet ya sitèrne, weye unaweka mudomo pale chini sawa katoto ka mbuzi. Nguo yote mayi!"

Mikono yake imesimama ndani ya beseni. Ameniangalia, kisha meno yangu.

Nimesema polepole, "Sitèrne, Mama?"

Amejifuta mikono kwenye kitenge, kidole kimoja kimoja. Amenipita hapa kizingitini, akatazama barabarani, kushoto na kulia. Ameniambia nisogee, nivute kiti. Sasa anafunga mlango, mchana kweupe, na bado kicheko hakijamwisha usoni.

Anasema kalamu niiweke chini kwanza. Naiweka