Vidonge na Maziwa ya Mama Mkwe

Muhima, Kigali
Novemba 1992

Dada yangu mpendwa Kabagwira,

Pokea salamu zangu na za mume wangu Évode. Hujambo huko Bujumbura? Shemeji na watoto hawajambo? Mafua yako yamepona? Sisi tu wazima, isipokuwa uso wangu, ulioamua kunitia wazimu.

Jamani, nina miaka thelathini na mbili na chunusi za msichana wa shule! Na kazi yangu unaijua, ni kuuza mafuta ya uso. Wateja wanashika chupa, wananitazama, wanairudisha. Bosi wangu, Bizimana, kasema nikibaki hivi hadi Noeli atanipeleka stoo.

Unakumbuka mwaka jana nilimeza vidonge vya chunusi, tetrasiklini, bila kufaa kitu, nikasema la kuvunda halina ubani. Sasa daktari mpya kaniuliza nilimeza na nini. Nikamjibu na maziwa, bila shaka, kama tulivyolelewa, dawa isichome tumbo. Akashika kichwa! Akasema maziwa huizuia dawa isiingie mwilini, nirudie vidonge vilevile kwa maji.

Haya, mweleze hayo mama mkwe! Maziwa ni ya ng'ombe wake wa Gahanga, na asubuhi ananimiminia mwenyewe. Nilipomwomba ninywe baadaye, akanuna. Akasema anayekataa maziwa anamtakia ng'ombe kifo, kisha akamwuliza Évode kama namshuku kaniwekea sumu. Évode naye anatafuna mkate tu! Nilitamani kumrushia sahani.

Nikashikilia maji yangu, na kweli uso ukaanza kusafika. Hata Bizimana alinisifu. Juzi nikarudi kuchukua vidonge vingine, daktari akaniuliza hedhi ya mwisho ilikuwa lini. Nikahesabu kwa vidole hadi nikapotea. Akanipima.

Dada, nina mimba, baada ya miaka saba ya ndoa! Akaniambia tetrasiklini basi, itamdhuru mtoto.

Nakutobolea wewe siri, hata Évode hajajua. Nililia, na haikuwa kwa furaha. Niliulilia uso wangu. Mama mkwe akanikuta jikoni, hakuuliza kitu, akaniletea kikombe kimejaa. Nikanywa chote, nikaomba cha pili. Akageuka haraka nisimwone anavyofuta machozi.

Nisalimie shemeji, watoto wabusu kila mmoja. Ukipata mtu wa kuja huku, nitumie sweta pana. Nasikia stoo ina baridi.

Mdogo wako akupendaye,
Illuminée