Mji Anakotoka Mkwe Wangu

Ibra, Oman

Dada yangu Zuwena, Rahma kaposwa, na ami yake kakubali. Nimelitanguliza hilo kwa sababu nikianza na salamu utasema kama kawaida yako, "Moza, sema ulicho nacho." Basi ndicho nilicho nacho. Mwanangu, daktari wa meno, anayeng'oa meno ya Wazungu kwao wenyewe nao wakamshukuru, anaolewa.

Sasa shikamoo. Vipi magoti, na vipi hayo masikio? Simu nimeiacha kwa ajili ya masikio hayo. Mara ya mwisho tulipigiana makelele hata jirani akaja kuniuliza kama kuna ugomvi. Barua hii anakuletea dada mmoja wa kwetu anayefanya kazi nyumba ya pili, anarudi Unguja likizo. Mpe chai, ni mtoto mwenye adabu.

Mimi mzima, alhamdulillahi. Nyumba ndiyo kubwa. Tangu baba Rahma atangulie napika kikombe kimoja cha mchele na bado unabaki. Jumatano angalau nina watu, siku ya soko la wanawake; nauza udi na ubani, natambia watu mwanangu mpaka wananikimbia. Siku nyengine hupita tangu asubuhi hadi magharibi sijasikia sauti ila ya redio, na mara nyengine naijibu.

Bwana harusi ni mtu wa Ucheki, huko huko anakofanya kazi Rahma. Jina lake Marek, na tangu kusilimu ni Yusuf. Kasilimu kabla ya kuleta posa, usije ukasikia maneno. Anasomesha jiografia na historia katika skuli ya mji wao. Ni mrefu, mweupe kama tui, na akizungumza nami kwenye simu masikio yanamwiva.

Unajua watu wa huku. Posa ikija, hawaanzi kuuliza mtu anafanya kazi gani. Wanauliza bilad yake, yaani mji wa asili yake, ni ipi, na watu wake ni nani. Walii wa Rahma ni shemeji yangu Seif, kaka wa marehemu, anakaa Izki, na bila ya yeye hakuna nikaha. Sasa Mcheki nitamtajia kabila gani? Nikaona hana kabila, basi nitampelekea mji. Nikakaa na simu, Yusuf anaeleza, Rahma anafasiri, mimi nahifadhi kama nilivyokuwa nikihifadhi juzuu chuoni. Unakumbuka mimi ndiye niliyekuwa na kichwa.

Nikakodi gari mpaka Izki. Kahawa ikamiminwa, tende zikawekwa, Seif akaanza.

"Huo mji wenyewe uko wapi?"

"Juu ya kilima, shemeji. Mto umeuzunguka pande tatu, upande wa nne ndio lango. Kuna milima ya misonobari, na ukiivuka milima uko Ujerumani." Jina la mji sikuthubutu kulitamka, nilimwonyesha kwenye simu. Trhová ndiyo mwanzo wake, herufi zimebanana hazina pa kupumulia, na maana yake ni mji wa soko.

"Soko la nini?"

"Ng'ombe, kitani, na chumvi iliyokuwa ikivushwa milimani. Mfalme wao aliwapa siku yao ya soko zamani sana, na mji wa jirani ukakatazwa kuuza siku hiyo."

Akatikisa kichwa. Hilo mtu wa huku halimshindi. Nikamweleza uwanja wa soko ulivyoinama, kwamba chungwa likianguka juu utaliokotea chini; na nyumba zina baraza zenye matao mbele, ili muuzaji asiangukiwe na theluji; na katikati pana nguzo ya jiwe waliyoijenga tauni ilipowaachilia. Nikasema wanalima shayiri. Shayiri inakokwenda, kwenye mapipa ya pombe, sikusema, nawe usiseme. Nikamwambia kweli pia, kwamba siku hizi soko ni mara moja kwa mwezi, vijana wamehamia miji mikubwa, na duka linalofunguliwa kila siku ni la Mvietinamu, ambako Rahma hupata mchele na tangawizi.

"Zein, vyema," akasema. "Na watu wake kijana wako hapo tangu lini?"

Hapo ndipo nilipokuwa nikipaogopa. Mimi nilitaka kuparuka, lakini Rahma aliniambia, "Mama, ami usimfiche. Akija kujua baadaye itakuwa vibaya zaidi." Basi nikasema. Mji ule zamani walikaa Wajerumani. Vita vikubwa vilipokwisha wakaambiwa wachukue mzigo wa mkononi tu, wakavushwa mpaka. Nyumba zikabaki na vyombo mezani. Wakaletwa watu kutoka vijiji vya mbali, wakapewa funguo. Babu yake Yusuf alikuwa mmoja wao.

Dada, unajua nilikuwa nikimwambia nani hayo. Seif alitoka Unguja mtoto mdogo, kashikwa mkono na mama yake, mwaka ule wa mapinduzi. Nyumba yao ya Malindi mpaka leo wamo watu. Ukubwani alikwenda kutembea, akasimama njiani kuitazama. Akatoka mtoto kumwuliza anamtaka nani, akajibu kuwa kapotea njia. Hayo alinisimulia marehemu mume wangu. Seif mwenyewe hajapata kuyatamka.

Akaweka kikombe chini. "Kwa hiyo babu yake kakaa nyumba ya watu."

"Kakaa."

"Na huyo ndiye unayeniletea."

"Nakuletea na yaliyobaki, shemeji. Yasikilize kwanza."

Nikamwambia kuwa bibi yake Yusuf, siku waliyoingia, alivikuta vikombe vya maua na vitambaa vya meza vya wenyewe. Alivifunga sandukuni, akaviweka darini, wakanywea vikombe vyao vya bati walivyokuja navyo. Ikapita miaka, mpaka wa Ujerumani ukafunguliwa. Siku moja akamwona mwanamke mzee, Mjerumani, kasimama nje anaitazama nyumba.

Nikanywa funda la kahawa. Seif alikuwa anatazama tende.

"Wakamfanya nini?"

"Bibi alimfungulia mlango. Akamwuliza chumba chake kilikuwa kipi, akamtandikia humo humo, akalala. Asubuhi wakamshushia sanduku lake."

"Vikombe vyote?"

"Kimoja kilikuwa kimevunjika. Walimtaka radhi kwa hicho."

Alizigeuzageuza tende, dada, hata nikadhani kakasirika. Mkewe akaingia na sinia la matunda, akatutazama, akatoka nalo. Mwisho Seif akasema, "Mwambie kijana aje."

Mimi ningeondoka hapo hapo na ushindi wangu, lakini hakuwa amemaliza.

"Wazee wake watakuja?"

"Baba, mama, na huyo bibi, ingawa ni mkongwe wa kushikwa mkono. Tiketi wameshakata."

"Na watu wako wewe? Wanatoka watu kwenye theluji, wasioujua hata mkeka wetu, nao wa Unguja hawaonekani? Tangu uje huku, furaha na msiba, sijamwona mtu wako kizingitini. Mimi simwozi mtoto wa ndugu yangu kama mtoto asiye na watu kwa mama. Waje, ndipo nitakapompa kijana mkono."

Nikamjibu, "Wanakuja." Nimelisema bila ya kukuuliza, nisamehe.

Sikulaumu. Nilipofiwa najua hamkuwa na njia. Wanawake wa Ibra walijaa, wakanipikia, wakanishika mkono kwa wema mtupu. Lakini katika wote wale hakuna aliyeniita kwa jina mnaloniita nyinyi nyumbani, na ndilo nililokuwa nikilitaka kulisikia siku ile. Wala sijidanganyi. Harusi ikisha, Rahma atarudi kwenye mji wake wa theluji, safari hii kwa mumewe, na mimi mwenyewe ndiye niliyempigania aende. Basi iwepo siku moja tu nyumba hii ijae watu wangu.

Halafu nani atamsinga mwari, amsugue manukato mwili mzima kabla ya harusi? Soko zima nimewaambia kuwa mama yake mkubwa ana mkono wa singo usiopatikana Unguja wala Pemba. Usiniumbue. Liwa ya kumsugulia njoo nayo, ya huku haina harufu. Nitumie picha za pasi zenu kwa huyu dada akirudi. Viza ni kazi ya Seif, kashasema. Magodoro nimeyatoa juani.

Mumeo shemeji yangu mpe salamu za heshima, na mwambie joho lake la bwana harusi bado linamfaa hapa. Binti yako mkubwa, mwenye kigelegele, asije akasema ana kazi. Kaka yetu wa Wete asiyejibu barua, mwambie hii haitaki jibu, inataka miguu. Mama mdogo nibusie mikono yote miwili, na akiweza kukaa kwenye ndege, naye.

Mimi huku mbali, mdogo wako Moza, nitakuwa mlangoni nikikungojeeni nyote Ijumaa ya tatu ya mfungo mosi, Ramadhani ikisha.