Vikopo vya Breki Vilivyokaa kwa Mtani

Mwanangu mpendwa Athumani,

Salamu zangu zikukute mzima, na kama umelala zikuamshe taratibu. Sisi wa huku hatujambo. Bibi yako mzaa baba anakusalimu, anasema onga mshi kwa Kisambaa chake, na miguu bado inamsumbua ukungu ukishuka, lakini ugali anamaliza. Dada yako Zaina anakusalimu pamoja na mume wake, na wale pacha wao ambao sasa wamejua kufungua banda la kuku, kwa hiyo kuku nao hawajambo, wako kila mahali. Mjomba wako Saidi anakusalimu kwa aibu, na aibu yake utaijua huko mbele. Jirani yetu mama Yoeli, yule wa kanisani, anakusalimu na anauliza kama Dar es Salaam unapata kabichi za maana au unakula majani tu. Ng'ombe amezaa ndama jike. Hata kile kigari chekundu cha baba yako, kingekuwa na mdomo, kingekusalimu.

Na mimi mama yako nakusalimu mara mbili, kwa sababu jana nimelala usingizi.

Ile barua yako iliniondolea usingizi, mwanangu, nakwambia kweli. Uliandika kwamba Idd unakuja, utakitoa kigari bandani, utakiwasha, utakishusha mlima mpaka Mombo, halafu uende nacho Dar. Nikafurahi. Halafu ukaandika kwamba vile vikopo vya mafuta ya breki vilivyooza mama usihofu, nimepata chupa ya plastiki iliyotoka kwenye lori, nitaifunga na waya. Nilipofika kwenye waya nikaikunja barua. Niliimalizia kesho yake, maana nilijua hakuna neno zuri linaloweza kuja baada ya waya.

Sijui wewe unakumbuka nini. Ulikuwa mdogo, meno ya mbele hayapo. Kigari kile kina viti viwili tu, na paa lake ni turubai, ndivyo yule mzungu wa shamba alivyokinunua kwa ajili ya kukimbizana na wenzake, na alipoondoka akamwachia baba yako aliyekuwa fundi wake. Kwa hiyo baba yako aliendesha, mimi nikakaa kiti cha pili, na wewe nikakupakata. Tulikuwa tunakupeleka Mombo ukaone treni.

Miaka ile, mwanangu, dukani kulikuwa na kaunta na muuzaji tu. Mafuta ya breki hukuyaona hata kwa kuota. Madereva wote wa mlimani walikuwa wanatia maji ya sabuni, na baba yako naye akatia. Alikuja jikoni akanichukulia kipande changu cha sabuni ya kufulia, ambacho nilikipata kwa kupanga foleni tangu alfajiri. Nikamwambia, "Na nguo za mtoto?" Akaniambia, "Leo tunafua breki."

Tulipoipita Soni, pale barabara inapoanza kujikunja juu ya bonde, nikaona mguu wake unakanyaga mara nyingi nyingi kama mtu anayekandamiza udongo. Hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ile ile ya kuomba chumvi, "Mama Athumani, mkumbatie mtoto." Basi akakisukuma kigari kwenye ngema, upande wa mlima, kikawa kinajikwaruza na majani na mawe, kwaru kwaru kwaru, mpaka kikasimama. Mimi nilikuwa nimeuma kitambaa changu cha kichwa. Wewe ukapiga makofi ukasema, "Baba, tena!"

Umekua ukisimuliwa hiyo "Baba, tena" kama kichekesho. Lakini hukumwona baba yako alipofungua boneti. Vile vikopo vyake viwili vya bati, kimoja cha breki za mbele na kimoja cha nyuma, vilikuwa vimetobolewa na kutu ya maji yale, povu linachuruzika. Alivishika, akasema, "Hiki kigari hakitashuka mlima huu tena mpaka kipate vikopo vyake chenyewe." Kikavutwa na lori kurudi nyumbani, kikawekwa juu ya magogo. Kila Ijumaa akitoka msikitini alikipangusa. Hakukishusha.

Sasa wewe na waya wako.

Nilikaa siku ile nikafikiri, nikasema mimi sijasoma, nimefika kwenye kisomo cha watu wazima tu, lakini miguu ninayo. Nikachukua kikopo kimoja kilichooza, nikakifunga kwenye upindo wa kanga, nikashuka Mombo. Mwanangu, tangu walivyosema ruksa, kila mtu aagize na auze atakacho, maduka yamejaa! Taa, vioo, mikanda, vipuri vya magari ya Kijapani vimening'inizwa kama ndizi. Nikitoa kikopo changu wanacheka. Kijana mmoja akaita wenzake, "Njooni muone, mama kaleta kikombe cha mkoloni!" Nikamwambia, "Cheka, baba, lakini nionyeshe kipya." Hakuwa nacho.

Nikaenda mpaka Tanga, kwa yule mfanyabiashara ambaye baba yako alimwagiza vikopo baada ya ruksa. Unajua tulivyoamini sisi sote, kwamba havikuja mpaka marehemu akatutoka. Yule mzee akakitazama kikopo, akanitazama mimi. Akasema, "Mama, hivi vilikuja. Mzee wako alivifuata mwenyewe. Alikuwa anakohoa, lakini alitoka hapa anatembea kama bwana harusi."

Athumani, nilikaa chini pale pale dukani. Baba yako alivileta nyumbani, akaugua, hakusema. Nadhani alitaka akushtukize siku ukija.

Nikarudi nikapekua. Chini ya kitanda, darini, kwenye magunia ya maharage, bandani chini ya viti vya kigari. Hakuna. Jioni nikamweleza mjomba wako Saidi, tukiwa tunakunywa chai, kwamba natafuta vikopo viwili vipya vya bati, vina mifuniko ya kuzungusha. Mjomba wako akakiweka kikombe chini polepole. Akasema, "Dada, vina mifuniko?"

Unaukumbuka msiba. Wewe ulikuwa makaburini na wanaume, mimi nimewekwa ndani. Watani wetu Wazigua walikuja kama desturi, na Mhando wa Mombo akavaa ovaroli ya baba yako na kofia yake, akalala chini ya kigari, akawa anaita kama yeye, "Mama Athumani! Spana! Na chai iko wapi?" Niliisikia kutoka ndani, nikacheka huku nalia, Mungu anisamehe. Halafu akabeba vitu vya marehemu, maana mtani msibani huchukua, na wafiwa hukomboa. Ovaroli mjomba wako aliikomboa kwa kuku. Kofia akaikomboa. Mhando akainua vikopo viwili alivyovikuta ndani ya boksi, akauliza, "Na hivi vya kunywea uji?" Mjomba wako akamjibu, "Hivyo nenda navyo, mtani, sisi Wasambaa tuna vikombe vya udongo."

Yaani watu walicheka, na roho yako ikaondoka kwenye kwapa la Mhando!

Asubuhi nilimkamata yule jogoo mwekundu, nikashuka naye Mombo. Mhando alikuwa nje anachambua vitunguu. Aliponiona akapaza sauti, "Fungeni milango, Msambaa ameshuka!" Nikamwambia, "Sijafuata vitunguu vyako vilivyodumaa, nimefuata vikopo vya marehemu." Akasema vikopo vimeshakuwa Wazigua, vimeoa, vina watoto. Kweli bwana, kimoja kilikuwa na ugoro na kingine mbegu za bamia. Akataka majogoo wawili. Nikasema mmoja, na huyu ni mzee, utamchemsha mpaka kiama. Tukagombana hivyo mpaka majirani wakatoka.

Halafu nikamweleza kuhusu waya. Akamwaga ugoro wote chini, mwanangu, ule wa thamani, akavifuta kwa shati lake. Akasema, "Mtani, ningejua mmeacha mtoto humu ndani, nisingelala navyo hata usiku mmoja." Jogoo akamchukua lakini, desturi ni desturi.

Vikopo viko hapa mezani ninapoandika. Fundi wa hapa Lushoto ameviosha kwa spiriti, amevikausha, amevitazama kwenye mwanga, hakuna tundu wala kutu. Amevilinganisha na vile vya zamani, vimekaa sawasawa. Amesema mipira ya breki nayo ibadilishwe yote, na mafuta yawe mafuta kweli. Nami nimemwambia asifunge chochote mpaka uje, maana najua ungependa mkono wako uwe wa kwanza. Nimeshavitazama mara nyingi. Ni vitu vidogo, jamani. Baba yako alivingoja miaka yote hiyo, na kumbe alivishika. Hilo ndilo linalonipa raha kuliko yote, kwamba alivishika.

Mhando ameniambia anataka kukaa kiti cha pili siku utakaposhuka, ati deni la utani. Nimemkatalia. Kiti kile ni changu. Kuipakata miguu yako sasa siwezi, imekuwa mirefu, lakini kona zile nataka tuzipite pamoja, polepole, na pale kwenye ngema tusimame tumwombee.

Ile chupa na ule waya mpe mtu anayefuga kuku, atatengenezea kinyweo.

Basi usikawie, mwanangu. Niandikie upesi, na kama kuna mtu anayekuja huku na basi mpe karatasi mkononi, uniambie siku utakayofika, ili nifue kanga ya safari. Sabuni ipo tele siku hizi, na yote ni ya nguo.

Ni mimi mama yako