Nguo Nyeupe za Nadia

Ng'ambo, Tabora
Septemba 6, 2020

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Na mbuzi wa Masele, bado wanakumalizia mihogo? Sisi hatujambo, ila udaku wangu unaujua: nikisikia jambo silali mpaka nijue mwisho wake.

Mkweo Nadia siku hizi anavaa nyeupe tupu, kuanzia kilemba hadi ndala. Kwao Belarusi wamepiga kura ya rais, na matokeo yaliyotangazwa watu wengi wameyakataa. Wanawake wanaandamana wamevaa nyeupe, naye akaona aandamane nao kutoka huku kwetu, hata akiwa uani anaanika nguo.

Sasa majirani zetu Waislamu, mke wa mtu akishinda na nyeupe wanajua ni eda, kafiwa na mumewe. Kaka Erasmus alikuwa Nzega kikazi, basi wakamhesabu marehemu! Jumamosi wakaingia na sukari na unga, Mama Zuhura mbele, wakampa Nadia pole. Naye kwa Kiswahili chake cha kuokoteza akadhani ni pole ya uchaguzi. Akafurahi, akawafunga vitambaa vyeupe mikononi, nao wakavipokea kwa heshima ya mfiwa. Nilichungulia kutoka jikoni nisijue kama ni sherehe au msiba. Mara kaka akatokea mlangoni na kuku wawili. Ukelele wa Mama Zuhura ulisikika hadi Kanyenye.

Tulipomaliza kucheka nikamwuliza Nadia mbona macho mekundu. Akasema baba yake, mwalimu wa muziki, alikuwa msimamizi wa kura. Aliambiwa asaini matokeo ambayo siyo, akakataa, akawekwa ndani. Wamemwachia, amekimbilia Poland, na kurudi kwao hathubutu. Akina mama hawakuondoka. Walipika, wakakaa naye mpaka magharibi.

Mama, sasa usinune. Nimeongea na mzee huyo kwenye simu, Nadia akitafsiri, maana anataka kuja huku kuwa karibu na mwanawe. Aliuliza kama kwenu Igunga kuna baridi, nami nikamwuliza kinanda chake amemwachia nani. Nyumba ya kaka ni chumba kimoja na sebule ninayolala mimi, unaijua. Mwishowe akauliza kama mama yetu ataridhia mgeni. Nikamwambia umeshakubali, tena atalala chumba cha baba. Najua hujaruhusu kifunguliwe tangu tumzike, na sikukuuliza. Mzee alilia, mama, nikashindwa kurudi nyuma.

Anafika mwisho wa mwezi. Nakuomba ufungue dirisha, chumba kipate hewa.

Nisalimie wote hapo nyumbani. Kaka na Nadia wanakuamkia.

Binti yako,
Koleta