Madigadi Mia Tatu

Coventry, Uingereza, 6 Februari 1994

Mwanangu Bryony,

Hujambo huko Hobart? Mjukuu wangu Tamsin ameacha kukohoa? Mimi mzima, ila magoti yananisumbua na baridi hii.

Nina habari. Yale magari madogo ya wazi tuliyokuwa tukiyaunda kiwandani, madigadi zake za mbele, yale mabati ya juu ya magurudumu, hazipatikani tena. Zinazoletwa kutoka ng'ambo ni rahisi lakini hazikai, na wenye magari pale klabu wanalia kila Jumapili. Nimeamua kuzitengeneza mimi. Kinachokula hela ni kalibu ya kugandamizia bati: bei yake ni ile ile, utoe madigadi kumi au mia tatu. Basi nitatoa mia tatu, ndipo kila moja iuzike kwa bei nafuu. Wanaklabu tisini wameahidi kununua, tumepeana mikono. Benki inataka nyumba iwe dhamana. Mama yako angekuwa hai angenikalia kooni, najua.

Baba yako

Hobart, Australia, 2 Machi 1994

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima, kikohozi kimeisha. Hayo magoti mwone daktari, usiyapake grisi.

Baba, usiiguse nyumba. Hao wa klabu nawajua tangu nikiwa mtoto. Mtu anaongelea boliti moja asubuhi mpaka jioni, akitajiwa bei anakumbuka mkewe anamsubiri. Kupeana mikono baa si kununua.

Kuna jambo sijakwambia. Mimi na Gareth basi, tumeachana. Natafuta nauli turudi. Sina pengine pa kwenda na mtoto ila chumba changu cha juu. Niahidi kitakuwepo.

Mwanao

Coventry, 19 Septemba 1994

Mwanangu,

Salamu kwako na kwa Tamsin. Afya yangu usiulize. Nimekaa kimya kwa aibu, maana barua yako ilifika nimeshatia saini.

Vipimo vya kalibu tulivichukua kwenye gari la Pettifer wa klabu, lile linaloshinda kikombe kila mwaka. Tulisema tuige zuri kuliko yote. Madigadi ya kwanza tuliifunga kwenye gari hilo hilo, ikakaa sawasawa, watu wakapiga makofi. Likaja gari la pili: pengo la kidole kizima mlangoni. La tatu, pengo lile lile. Pettifer alibisha sana, mwishowe akakubali tukwangue rangi kidogo. Chini tulikuta madini ya risasi matupu, yale ya kuyeyusha na kuzibia bati. Aliyekuwa nalo zamani alikata, akasogeza, akaliunda upya kwa mkono mpaka macho yake yakaridhika. Ndiyo maana linapendeza. Halifanani na gari lingine lolote, na mimi niliyeyaunda miaka yote ile sikuliona hilo.

Nilimwomba Pettifer anunue walau mbili.

"Za nini, Wilf?" akasema. "Langu si zima?"

Wale tisini wamerudia za ng'ambo. Zangu zote mia tatu zimekwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kalibu nayo pia. Nyumba wameichukua Ijumaa. Nimepanga chumba kwa mama mmoja mjane, kina kitanda kimoja na jiko la kuchemshia chai. Nilipiga simu ya kibandani, akapokea Gareth, akasema hamkai pale, akakata. Hii naituma kwa rafiki yako Delphine ikufikie. Usije, mwanangu. Sina pa kuwaweka. Nashindwa hata kulia.

Baba yako

Hobart, 21 Septemba 1994

Baba mpendwa,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Sijapata barua yako tangu Februari na simu yako haiiti. Nimejiambia umezama kwenye mabati yako, umesahau dunia.

Nauli imepatikana. Nimeuza kila kitu, mpaka kitanda cha Tamsin, maana nimemwambia kipo changu huko kwako, chumba cha juu, na dirishani ataona bustani ya bibi yake. Ameniuliza kama shuka ni za maua. Tunaondoka kesho.

Usihangaike kuja kutupokea. Ufunguo wa mlango wa nyuma bado ninao. Tukikukuta umelala tutaingia polepole, tusikuamshe.

Mwanao