Mguu Nyuma ya Mlango

4 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sukari inasemaje, na bega je? Mimi sijambo, ila vidole vimekauka kwa plasta ya kuchukulia umbo la miguu, na kazi haipungui.

Mguu bandia nilikutumia mwezi uliopita, mpaka leo kimya. Jana jirani yako kanipigia simu, eti bado unatembelea magongo na mguu umeuegemeza nyuma ya mlango. Nimeumia, sikufichi. Mguu ule nimeutengeneza kwa mikono yangu hapa karakana, nikaujaribu chini ya mzigo wa saruji na haukupinda. Daktari alikwambia mbele yangu kwamba magongo yataliua bega la kulia, na bega likifa, cherehani nayo kwaheri. Kama mguu unabana, niambie unabana wapi niurekebishe.

Mwanao

17 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sukari imetulia. Bega linanung'unika, nimelizoea.

Mguu haubani. Umenikaa sawasawa, kamwambie mkubwa wako wa karakana. Lakini lile ni bomba lenye unyayo, mwanangu. Niliuvaa siku moja dukani. Mteja aliyekuja kujaribu gauni alijitazama kiooni, kisha macho yakahamia kwenye bomba, yakabaki huko. Mwenzake akamuuliza kwa sauti ya chini, na mimi nikasikia, kama ule ni mguu wa meza. Nikauvua. Miaka yote nawashonea watu wapendeze, leo mimi nitembelee mguu wa meza? Nitengenezee shavu la mguu, lifanane na la mguu wa pili. Si ombi kubwa.

Mama

2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Natumai hujambo. Mimi mzima wa mwili tu.

Mguu si gauni. Kwenye geti la karakana watu wanapanga foleni tangu alfajiri kulitafuta bomba hilohilo, na wewe umelisimamisha nyuma ya mlango kama fagio. Nilipomgusia mkubwa wangu habari ya shavu, alicheka. Alisema kazi ya mguu ni kutembea, mengine ni mapambo. Nami nakubaliana naye.

Hata hivyo nimekutafutia stoo ganda la sponji, unalivisha juu ya bomba. Ndilo pekee tulilo nalo. Livae, tafadhali, uachane na magongo.

Mwanao

21 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Hali si mbaya, ila hasira zimenipanda.

Ganda limefika. Ni la rangi ya waridi. Nimelivisha, nikasimama mbele ya kioo cha wateja, mguu mmoja wangu, wa pili wa mgeni nisiyemjua. Nilicheka mpaka nikakaa chini, kisha nikalia. Ulipokuwa unalifunga kwenye boksi hukuliona? Umetoka tumboni mwangu, rangi yangu umeisahau?

Wala usiniambie mapambo. Ulipokuwa darasa la tano ulilikataa sweta lenye kiraka, ukatetemeka kwa baridi wiki nzima. Sikukwambia kwamba kazi ya sweta ni joto. Nililifumua nikalifuma upya, ndipo ukalivaa. Nguo isiyovaliwa haimpi mtu joto, hata iwe nene vipi.

Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Langu limeshakwenda, sasa utanitisha na nini? Pasi siku hizi naiinua kwa mkono wa kushoto.

Mama

30 Juni

Mama,

Shikamoo. Sijui hata hali yako. Nilikasirika, nikanyamaza.

Mwezi huu karakana imetutuma majumbani, kuwatazama tuliowapa miguu. Nimekuta mguu uvunguni mwa kitanda. Nimekuta mwingine juu ya kabati, umefunikwa shuka. Binti mmoja anauvaa ndani tu, akisikia hodi anauvua. Niliwauliza kama inauma, wakasema haiumi. Mkubwa wangu akasema watu hawana shukrani. Nikamjibu mbele ya wenzangu: "Mguu usiotoka nje ya nyumba hatujamaliza kuutengeneza." Tangu siku hiyo hatusemezani.

Nimepata likizo. Nakuja katikati ya Julai na plasta, nichukue umbo la mguu wako ulio mzima. Rangi nitaichanganya hapohapo ubavuni mwako, mpaka wewe useme ndiyo. Nakuomba tu, magongo yaweke chini mpaka nifike.

Mwanao

8 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Sukari haina neno.

Usishtuke kwa mwandiko, anayeandika ni jirani, mimi nasema. Msuli wa bega la kulia ulikatika mwezi wa tano, nikijivuta kwa magongo kupanda ngazi ya duka. Daktari amesema mkono hautainuka tena kupita kifua. Sikukujulisha kwa sababu nilikuwa na hasira nawe, na nusu ya hasira hiyo ilikuwa ya kujikasirikia mwenyewe, mguu ukiwa pale nyuma ya mlango na mimi nauona kila nikitoka.

Cherehani nimempa jirani. Ameanza na mapazia.

Njoo na plasta yako. Shavu ulichonge vizuri, usiharakishe, na rangi uipatie. Kushona kumekwisha, nilichobakiwa nacho ni kutembea.

Mama