Nafasi ya Kambale mu mustari

Kwa Yaya Gaston, ku Kindu,

Jambo Yaya, ndugu yangu mukubwa. Najua utashangaa kuona maandiko yangu, tangu matanga ya papa wetu hatujasemezana. Afya iko namna gani? Mugongo bado unakusumbua, ao mwishowe ulikubali dawa? Mie niko muzima. Baridi ya Butembo tu ndiyo inanishinda. Asubui ninafundisha hesabu na koti mwilini, batoto banacheka.

Sikuandikie juu ya nyumba ya papa, ile ilitugombanisha. Kasirani yangu iko palepale, usijidanganye. Ninaandika juu ya kitu nilisikia na masikio yangu mwenyewe, na tangu siku ile sina amani.

Huku mu mutaa wetu wa Vulamba kila mutu anataka Kingereza juu ya biashara ya Kampala, na mie nikajiandikisha ku masomo ya jioni, nyuma ya saa za kazi. Mwalimu wetu, mama mumoja wa kutoka kijiji ya Masereka, hatumie kitabu. Anakupa karatasi yenye neno moja, unaishika ku kifua, na batu banajipanga mu mustari mupaka sentensi inatimia. Ile juma tulisoma namna Bangereza banasema magomvi ya jamaa. Banasema kuna damu mbaya kati ya bandugu, maana yake uadui wa batu ba tumbo moja. Mie nilipewa neno la "kati ya". Damu ilipewa Paluku, mbaya ilipewa mudogo wake Kambale.

Hao babili balikuwa bananuniana kabisa juu ya shamba la kakao baba yao aliacha ku Eringeti. Mwalimu hakujua. Sisi tunasema damu kwanza, mbaya kisha, donc Paluku akasimama mbele. Mwalimu akasema hapana, mu Kingereza mbaya inatangulia, Kambale apite. Sasa huku kwa Banande, benyeji ba hapa, jina tu linakuambia nani alizaliwa wa kwanza: Paluku, kisha Kambale. Mudogo kumutangulia mukubwa mbele ya batu, ile ilikuwa haya. Paluku akakataa kusogea. Kambale akacheka, akamupita, akasema neno lake kwa sauti: bad. Ilibaki Paluku aseme lake, blood. Akafunga kinywa. Masomo yakaishia pale, Kambale akatoka na karatasi yake mu mufuko.

Kesho yake alipanda pikipiki kwenda kuvuna kakao ku Eringeti. Ku Beni balimuona akipita. Kisha pale, hakuna mutu anajua. Unasikia habari za ile njia, namna benye bunduki banateka na kuua batu, sina haja ya kukueleza.

Siku nyingi zikapita bila habari, tukajipanga tena na sentensi ileile. Paluku akashika damu yake, akaacha nafasi ya mutu mumoja mbele yake. Mwalimu akamuomba asogee.

— Hapana. Mudogo yangu iko hapa.

Hakuna aliyecheka. Nilikuwa nyuma yake, na niliogopa, Yaya, niliogopa hata kuangalia pale mbele.

Kisha akatoa telefone, akaita namba ya Kambale, ile ilikuwa inalia bure kila siku. Ikapokelewa. Akaweka haut-parleur. Tulisikia majani makavu yanakanyagwa polepole, kama mutu anatembea mu kakao. Halafu sauti ya Kambale mwenyewe, karibu sana:

— Bad.

Alikuwa anangojea neno la mukubwa wake. Paluku akakaza karatasi yake ku kifua.

— Blood. Blood, Kambale. Rudia nyumbani, shamba ni yako.

Majani yakaendelea kukanyagwa, mbali, mbali zaidi, na telefone ikakatika. Tangu pale namba haipite tena. Paluku anakuya ku masomo kama kawaida na anaacha ile nafasi. Sisi batu bazima, benye kusoma, tunaizunguka. Mwalimu naye anaizunguka.

Unisalimie mama mudogo, umwambie koti alinishonea ndiyo inaniokoa. Salimia muke wako na batoto, na shangazi yetu wa kuuza samaki, asichoke kuniombea.

Yaya, dimanche, misa ikiisha, nitakuita ku telefone. Sijui nitasema nini, pengine nitaanza kukugombeza. Mais pokea. Kama hutaki kunijibu, usijibu. Baki tu pale, nisikie unapumua.

Mudogo wako,
Espérance